Pikapu mpya inakula matairi: soma chanzo kabla hujatoa pesa

Pikapu ilikuwa na km 23,000 tu tangu ifike mpya. Dereva akaja kuniambia, "Mkuu, matairi ya mbele yamekwisha." Nikadhani ananitania, maana asubuhi hiyo hiyo nilipita kando ya gari lile na kashata, yale matuta ya uso wa tairi, nilizoziona zilikuwa nzuri. Akaniita, tukainama wote wawili na tochi. Upande wa ndani, ule usioonekana mpaka ujilaze chini, tairi lilikuwa kipara na waya za chuma zimeanza kuchungulia.

Tukanunua jozi mpya, tukafanyiwa alaimenti (kunyoosha magurudumu kwa mashine), tukapewa karatasi ya mashine yenye rangi ya kijani kila mahali. Baada ya km 9,000 kipara kikarudi pale pale. Safari hii fundi mmoja wa gereji ya uchochoroni alinyanyua gari kwa jeki, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Kok, kok. Bolijointi ya chini, kiungo cha duara kinachoshikilia gurudumu, ilikuwa imekufa. Alaimenti yenyewe ilipimwa vizuri, ila ilipimwa juu ya kiungo kinachocheza, na kiungo cha namna hiyo kikifika kwenye barabara ya vumbi kila shimo linakipa vipimo vipya.

Tangu siku ile sinunui tairi kabla ya kulisoma lile lililokufa. Utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoutumia kwa pikapu sita ninazozisimamia. Vifaa vyake ni geji ya upepo, rula, kipande cha chaki, tochi na jeki.

Mbona za zamani hazikuwa hivi?

Swali hili nalisikia kila wiki kwa wenye daboli kebini za miaka ya karibuni, na lina majibu ya kweli. Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli ya 5L ilikuwa na nguvu ya mzunguko ya karibu Nm 200. Hilux ya dizeli ya lita 2.8 yenye gia otomatiki, tangu 2020, inatoa Nm 500. Nguvu yote hiyo inafika barabarani kupitia matairi mawili ya nyuma, na bodi ikiwa tupu matairi hayo hayana uzito wa kuyakandamiza, kwa hiyo ukikanyaga mafuta kwa pupa yanasugua lami kidogo kidogo bila wewe kusikia.

Halafu kuna tairi lenyewe. Matairi mengi yanayokuja na gari kutoka kiwandani ni ya barabara ya lami: huchaguliwa yasipige kelele, yasile mafuta, dereva aone gari ni laini. Kashata zake mara nyingi zina kina cha mm 8 hivi. Mtu anakwenda nalo kwenye changarawe kali kila siku, kisha analaumu nchi lilikotengenezwa.

Hatua ya 1: Jua umebakiwa na kiasi gani

Usikisie kwa macho. Ingiza rula nyembamba kwenye mfereji wa tairi, au kijiti cha kiberiti kisha ukipime kwa rula. Pima sehemu tatu: ndani, katikati na nje. Andika kwenye daftari pamoja na km za siku hiyo. Ndani ya mifereji utaona vinundu vidogo vya mpira. Kashata zikishuka mpaka zikalingana navyo, zimebaki mm 1.6 na tairi limekwisha. Kwa barabara za mvua na matope mimi sisubiri zifike huko, nabadilisha zikibaki mm 3.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme tairi lilianza na mm 8.5 na leo, kwenye km 15,000, lina mm 5.5. Limeliwa mm 3, yaani mm 1 kwa kila km 5,000. Kufikia 1.6 limebakiwa na mm 3.9, sawa na km 19,500 hivi. Jumla ni km 34,500. Kwa tairi la kiwandani linalobeba mzigo kwenye barabara mbaya, sioni hapo ugonjwa wowote. Hiyo ndiyo kazi yake. Ugonjwa ni pale namba tatu za tairi moja zinapoachana, au tairi la kushoto linapolitangulia la kulia.

Hatua ya 2: Upepo, upimwe likiwa baridi

Fungua mlango wa dereva, tazama nguzo: kuna stika yenye kipimo cha upepo cha mbele na cha nyuma. Pikapu nyingi zina kipimo kimoja cha gari tupu na kingine cha gari lenye mzigo. Ile namba kubwa ya upepo iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi, wala haihusiani na gari lako. Vijana wa pancha wengi hujaza kwa mazoea ("niweke arobaini, boss?"), na wewe ukiitikia tu umekwisha kuharibu.

Baridi maana yake gari limelala au limesimama kwa muda wa saa tatu hivi. Tairi likishatembea upepo wake unapanda, na ukiupunguza likiwa la moto, kesho asubuhi litakuwa chini ya kiwango. Nunua geji yako mwenyewe. Geji za vituo vya mafuta nimekuta mbili, zilizo jirani kabisa, zikitofautiana psi 6.

Kwa barabara ndefu nina kipimo kingine, cha wazoefu wa magari ya porini. Pima asubuhi likiwa baridi, tembea saa moja kwa mwendo wa kawaida, simama upime tena. Upepo ukiwa umepanda karibu psi 4, uko sawa. Ukipanda zaidi ya hapo, tairi linajikunja mno na kuchemka: upepo ni mdogo au mzigo ni mkubwa. Ukikaribia kutopanda kabisa, umejaza kupita kiasi. Si sheria ya kiwanda, ila haijanidanganya mara nyingi.

Wapo wanaoniuliza kama kupanda kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kunabadilisha upepo. Kunabadilisha. Mbeya iko juu karibu mita 1,700, hewa ya nje ni nyepesi zaidi, kwa hiyo geji inasoma juu kwa psi 2 na nusu hivi. Lakini kwa kuwa kule ni baridi, upepo wa ndani nao unashuka kwa psi 2 hivi. Zinakaribia kufutana. Pima ukifika na ulale usingizi.

Hatua ya 3: Soma kashata

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Geuza usukani hadi mwisho upande mmoja ili uso wa tairi la mbele utokeze, washa tochi, kisha pitisha kiganja polepole.

Likiwa limeliwa mabega yote mawili na katikati pamesimama, limetembea na upepo mdogo au mzigo mzito. Likiwa limeliwa katikati tu, upepo umezidi. Hii ya katikati naiona sana kwenye matairi ya nyuma ya pikapu mpya: gari linajazwa upepo wa mzigo, kisha linatembea tupu mwaka mzima likipeleka watu mikutanoni. Kama huna uhakika, chora mstari wa chaki kukatiza uso wa tairi kutoka bega hadi bega, endesha mita chache kwenye lami kavu kwa mstari ulionyooka, ushuke utazame. Chaki ikifutika katikati tu na kubaki mabegani, punguza. Ikifutika mabegani na kubaki katikati, ongeza. Ila usivuke mipaka ya stika.

Likiliwa bega moja tu, ndani au nje, magurudumu yameinama au yanaelekeana vibaya. Kiganja kitakusaidia kutofautisha. Ukipitisha mkono kutoka ndani kwenda nje ukakwaruzwa, na kutoka nje kwenda ndani ukateleza, magurudumu yanaelekeana kupita kiasi kwa mbele, kama miguu ya mtu mwenye vidole vya kuingia ndani. Ikiwa kinyume chake, yanaachana. Na kama bega limeliwa huku uso ukiwa laini pande zote mbili, shuku kuinama zaidi: bushi, springi iliyolala, au gari lililonyanyuliwa.

Vishimo vishimo vinavyozunguka tairi, kana kwamba mtu kalipiga nyundo, hutokana na shokapu zilizochoka au gurudumu lisilo na balansi. Tairi linarukaruka na kila linapotua linajing'ata. Na kama kashata moja moja zimekuwa kama meno ya msumeno, upande mmoja juu na mwingine chini, huko ni kuchelewa kubadilishana nafasi. Matairi yenye kashata kubwa za porini huanza hivyo mapema, na ndiyo sababu yanavuma kama nyuki kwenye lami.

Likiwa tairi la nyuma limeliwa upande mmoja, usikimbilie alaimenti. Nyuma ya pikapu nyingi ni ekseli nzima iliyofungwa kwenye springi, hakuna cha kurekebisha pale. Tafuta springi iliyovunjika, boliti ya katikati iliyokatika ikaiacha ekseli isogee, au ekseli iliyopinda.

Hatua ya 4: Tikisa kabla ya alaimenti

Weka kabari magurudumu ya nyuma, nyanyua mbele, weka stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Shika gurudumu juu na chini ulitikise: mchezo hapo ni bolijointi au beringi. Shika kushoto na kulia: mchezo hapo ni ncha za tai rodi au raki ya usukani. Mwenzako akanyage breki unapotikisa. Mchezo ukipotea, lawama ni ya beringi.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi wanalipita. Kwenye pikapu ambazo springi ya mbele imekaa juu ya mkono wa chini, ukinyanyua kwa chasisi, springi inausukuma mkono ule chini na kuibana bolijointi, hata mbovu itaonekana nzima. Jeki iwekwe chini ya mkono wenyewe, karibu na gurudumu. Ile ya kwetu ilipita ukaguzi mara mbili kwa kosa hili tu.

Viungo vikiwa vizima, ndipo uende kwenye mashine. Dai karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada. Ya "baada" peke yake haina maana. Hakikisha wamechagua gari lako hasa, maana pikapu ya magurudumu mawili na ile ya manne vipimo vyake vinaweza kutofautiana. Nenda na gari likiwa katika hali linayofanyia kazi. Kama umefunga ngao ya chuma na winchi, mbele imeshuka. Kama bodi ina sanduku la vifaa kila siku, mbele imeinuka. Kote kuwili vipimo vya kiwandani vimeshahama. Na kama gari limenyanyuliwa ili lionekane la kibabe, muulize aliyelinyanyua kama alaimenti bado inafikika, maana kuna zilizonyanyuliwa hadi boliti za kurekebishia zimefika mwisho.

Hatua ya 5: Angalia swichi ya 4H

Hii nimeitenga kwa sababu inaua matairi kimya kimya. Pikapu nyingi zinazouzwa huku hazina difu ya katikati. Ukiweka 4H, yaani magurudumu yote manne yavute, ekseli ya mbele na ya nyuma zinalazimishwa kuzunguka sawa. Kwenye kona, magurudumu ya mbele yanahitaji kusafiri zaidi ya ya nyuma. Kwenye matope au mchanga tofauti hiyo inaishia kwa kuteleza. Kwenye lami kavu haina pa kwenda, kwa hiyo tairi linaburuzwa na gia zinajikaza. Utaliona gari likiwa zito kukata kona, kama limekanyagiwa breki.

Nilimkuta dereva amesafiri na 4H ya lami tupu kutoka Dodoma hadi Morogoro. Nikamuuliza, "Kaka, hii ya nini?" Akajibu kwamba gari linashika barabara vizuri zaidi. Sikumlaumu sana, hakuna aliyemwambia alipokabidhiwa funguo. Loki ya difu ya nyuma ni hivyo hivyo, itoe mara tu unapotoka kwenye tope. Wenye gari lenye mfumo unaoruhusu magurudumu manne kwenye lami wasome kitabu chake, kitawaambia ni nafasi ipi.

Hatua ya 6: Mzigo na namba ya ubavuni

Chukua tairi lililoandikwa 265/65R17 112S. Ile 112 ni alama ya mzigo: kilo 1,120 kwa tairi moja likiwa na upepo wake kamili. S ni kasi ya km 180 kwa saa. Alama 110 ni kilo 1,060, na 116 ni kilo 1,250. Dukani utaonyeshwa tairi la saizi ile ile kwa bei nafuu, na alama yake iko chini kwa sababu lilitengenezewa gari la familia. Usishuke chini ya namba ya stika.

Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani moja, na hapo pikapu nyingi zimefika mwisho wa uwezo wake, kabla hujahesabu watu watano ndani. Bodi imekaa juu ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo tani hiyo karibu yote inaangukia matairi mawili. Kwa mifuko 30 mizani inaweza isikukamate, lakini tairi linahesabu.

Hatua ya 7: Yazungushe

Kila km 8,000 hadi 10,000, ya nyuma yaende mbele upande wake ule ule, ya mbele yaende nyuma kwa kukatizana, la kulia liende kushoto na la kushoto kulia. Yenye mshale wa mwelekeo yasikatizane. Kaza nati tena baada ya km 50 hadi 100.

Nyufa ni kesi nyingine

Kuisha kunatokana na kutembea. Nyufa mara nyingi zinatokana na kusimama, jua na umri. Ndiyo maana gari la mradi lililokaa miezi minane likisubiri fedha, lenye km chache na kashata tele, unakuta mbavu za matairi yake zimechanika kama ardhi ya kiangazi.

Hewa ina gesi ya ozoni kidogo, na ozoni inakata mpira wa tairi taratibu. Kiwandani huchanganya nta na kemikali za kinga ndani ya mpira, na tairi linapojikunja likitembea kinga hiyo inasogea mpaka juu ya ngozi. Tairi lililosimama halijikunji, kinga haisogei. Ile rangi ya kahawia inayotokea ubavuni ndiyo kinga hiyo ikifanya kazi. Usiisugue kama uchafu. Na yale mafuta ya kung'arisha wanayopaka sehemu za kuoshea magari, mengi yenye asili ya petroli huiondoa kinga yenyewe. Maji na sabuni laini yanatosha. Usiegeshe gari siku nyingi karibu na mashine za kuchomelea au mota kubwa za umeme, nazo huzalisha ozoni.

Zipime hivi. Nyufa nyembamba kama nywele, za juu juu, ubavuni: piga picha, fuatilia kila mwezi. Ukucha ukizama ndani ya ufa, au ukiona nyuzi, tairi limekwisha hata kama kashata ni mpya. Nyufa chini ya mifereji, hasa kwa matairi yaliyojazwa kupita kiasi, fuatilia kwa karibu zaidi kwa sababu maji hupitia humo kufikia waya. Ufa unaouzunguka ubavu kama mkanda unasema tairi lilitembea na upepo mdogo likijikunja mno. Nundu ubavuni haina mjadala: nyuzi za ndani zimekatika kwa shimo, hakuna kiraka, toa leo.

Gari linalosimama muda mrefu lisogezwe kila wiki mbili, likae kivulini, upepo usishuke, na sakafu isiwe na mafuta.

Tarehe, hata kwa gari jipya

Tafuta neno DOT ubavuni. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Wakati mwingine zipo upande mmoja tu, wa ndani, basi jilaze. Pikapu nyingi mpya zinazofika huku zimetoka Thailand au Afrika Kusini, zimesafiri kwa meli, zimekaa yadi kwenye jua. Gari la 0 km linaweza kuwa na matairi ya mwaka mmoja au miwili. Tazama kabla ya kusaini. Ukikuta nyufa mapema, peleka picha, km na vipimo vya daftari lako. Mara nyingi waranti ya tairi ni ya mtengenezaji wa tairi, tofauti na ile ya gari, na bila daftari la upepo na mizunguko watakuambia uliliendesha vibaya.

Baada ya miaka 5 kagua kila mwaka kwa fundi. Kikomo kinachotajwa na watengenezaji wakubwa wa matairi ni miaka 10, na baadhi ya watengenezaji wa magari wanasema 6. Kwa jua la Dodoma au la pwani mimi nashika 6.

Na lile la akiba linaloning'inia chini ya bodi, karibu na joto la ekzosi, na vumbi lote la safari, lishushe leo ulisome DOT yake. Kwenye pikapu yangu moja nililikuta na psi 11.